Springi Fupi na Barabara za Gisenyi

Kijana anunuaye Corolla hutamani kuishusha ilambe lami ya ufukwe wa Kivu. Hatumlaumu, gari lililo chini hupendeza, na kwenye kona halilali sana. Lakini lami hiyo ndiyo imdanganyayo. Gari la kwendea kazini hupanda pia mitaa ya mawe meusi ya volkano, huruka matuta, hubeba watoto na gunia la viazi. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatetemeka, barabara za Rubavu zilipasuka; aliyeitwa kazini siku zile alihitaji nafasi chini ya injini, si urembo.

Anayeshikilia nia yake, sentimita 3 zamtosha. Anunue springi zilizotengenezwa kwa gari lake, ngumu kuliko za awali, maana springi fupi ina nafasi ndogo ya kubonyea. Zile zinazokatwa kwa msumeno gerejini tunazikataa kabisa: gurudumu likining'inia, huweza kuchomoka mahali pake. Shokapu zilizochoka zibadilishwe siku hiyo hiyo, kisha magurudumu na taa za mbele zipimwe upya. Na gari lijaribiwe likiwa limejaa watu.