Mboga Huokolewa Mchana, Si Asubuhi
Maoni ya mjitolea wa afya ya jamii, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda



Sisi wajitolea wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba, tuna neno moja kuhusu mboga iliyopikwa ikabaki: "Mwaga." Sababu yake ni ya kweli, kwa kuwa chakula kilicholala kinaleta kuhara. Lakini maoni yangu ni kwamba neno hilo peke yake halitoshi, na mara nyingine linatuharibia kazi.

Tufikiri kwanza ni nani anayeambiwa amwage. Ni mama aliyetwanga sombe, akaichemsha muda mrefu ili sumu iliyo katika majani ya muhogo ipungue, akamaliza kuni zake. Kuni hizo alizifuata mbali, na wote tunajua hatari zinazowapata wanawake na wasichana njiani. Maji aliyabeba kwa jerikani. Tena tangu mwaka 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda unatolewa kwa makundi, na familia nyingine hazipati kitu. Kumwambia mama huyo "mwaga" ni kumwambia amwage kuni, maji na jasho lake.

Kwa hiyo anafanya nini? Anatuitikia "ndiyo", kisha tukiondoka anakula na watoto wake. Hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa. Mtoto akianza kuhara, mama anafika kituo cha afya na kuulizwa mtoto alikula nini. Anaogopa kugombezwa, basi anaficha. Ujumbe wetu umemfundisha kuficha, haukumfundisha kulinda chakula.

Wengine watasema: basi mboga ipashwe moto asubuhi, yaishe. Hapana. Vijidudu vinaongezeka haraka katika chakula chenye uvuguvugu. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 bila kuwekwa penye baridi au kushikwa katika moto. Hapa wengi wetu hatuna friji. Tena kuna vijidudu vinavyoacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiishi hata ukichemsha. Kunusa na kuonja hakutoshi: mboga inaweza kuwa na harufu nzuri na bado ikaumiza mtoto.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mboga inaoza. Ndiyo maana nasema mboga huokolewa mchana, wakati bado iko motoni. Asubuhi tumekwisha chelewa. Mambo ya kufanya ni haya:

1. Pima kabla ya kupika. Mboga mbichi ya dodo au kabichi inaweza kungoja kesho kivulini, ndani ya kitambaa chenye unyevu. Iliyopikwa haingoji.

2. Tenga kabla ya kula. Ukijua kwamba baba au mtoto wa shule atachelewa, toa sehemu yake kwanza kwa mwiko safi, uiweke katika sufuria yenye mfuniko. Mabaki ya sahani ambayo mikono imeingia si akiba tena.

3. Shika joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi, weka ndani blanketi kuukuu au majani makavu ya migomba mengi, chini na pembeni. Sufuria ikiwa inatokota, ifunike, iingize humo mara moja, kisha ifunike juu kwa nguo nzito. Usifungue-fungue. Chakula cha mchana kinaweza kubaki cha moto saa kadhaa bila kuni. Sufuria iliyojaa inashika joto kuliko yenye mboga kidogo. Ukifungua ukakuta mvuke unatoka na sufuria inaunguza mkono, ni vizuri. Ukikuta uvuguvugu, kikapu hakikufanya kazi, na mboga hiyo usiihesabu kuwa salama.

4. Chemsha tena hadi itokote yote. Koroga mpaka katikati. Pembeni kutoa povu hakutoshi. Pasha sehemu itakayoliwa tu, na mara moja tu.

5. Mtoto mdogo apewe kilichopikwa sasa. Mwenye chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Anayeanza kula, mjamzito, mzee na mgonjwa wasipewe mboga iliyongoja.

Mboga iliyotunzwa hivyo si lazima iliwe kama ilivyokuwa mchana. Dodo, ambayo wengine tunaiita lengalenga, itie katika maharagwe yanayotokota. Sombe iongezee maji kidogo na karanga za kusaga au dagaa, ichemke upya. Kabichi na karoti changanya na unga wa ngano, yai kama lipo, na chumvi, ukaange vipande vyembamba mpaka viive ndani. Kupasha kunapunguza vitamini C, ndiyo, lakini madini ya chuma hayapotei, na vitamini A inabaki kwa sehemu kubwa. Katika nyumba inayokula ugali na maharagwe kila siku, kijiko hicho cha majani si kitu cha kudharau.

Na ile iliyolala nje usiku kucha? Hapo nakubaliana na waliotufundisha: isiliwe. Wape kuku au izike katika shimo la mbolea na uifunike udongo, nzi wasikae juu yake. Lakini tukifuata hayo ya juu, itakayofika asubuhi itakuwa kidogo sana.

Wenzangu wajitolea, naomba tubadilishe maswali yetu. Badala ya kuuliza "Umemwaga?", tuulize "Unapika saa ngapi, na nani anachelewa kula?" Mama atajibu ukweli, na hapo tutajua la kumwambia. Kwa wakubwa wetu wa huduma ya afya naomba jambo moja: siku za mafunzo ya mapishi tuonyeshwe pia kikapu cha joto. Tukipike chakula asubuhi, tukifunike, tukifungue saa za mchana mbele ya watu wote, kila mtu aguse sufuria kwa mkono wake. Karatasi ya ukutani haiwezi kufundisha hivyo.

Kwa akina baba pia: anayejua atarudi usiku aseme mapema. Neno hilo moja linaokoa sahani ya mboga.

Mtoto akihara, msingoje. Mnyonyesheni, mpeni maji ya chumvi na sukari ya paketi kutoka kituo cha afya, mkampeleke. Na mkiulizwa alikula nini, semeni ukweli bila kuogopa.