MASOMO YA NJE YASIWE SIRI YA WENYE NCHI

Kila mwaka ikikaribia Septemba, vijiwe vya Mlimani, Mzumbe na Dodoma hujaa minong'ono ile ile. Fulani kapata China. Fulani kapata Hungary. Fulani mwingine, ambaye darasani alikuwa akiishi kwa kunakili madaftari ya wenzake, kapanda ndege ya Ulaya. Kapataje? Hapo kijiwe hugawanyika. Wapo wanaoapa kwamba ana mjomba wizarani. Wapo wanaosema aliomba kama wanavyoomba binadamu wengine. Na walio wengi, watoto wa walalahoi, hukaa kimya, maana hawakujua hata kama kulikuwa na kitu cha kuomba.

Leo tunazungumza na hao waliokaa kimya.

Kwanza tufute uongo mmoja. Kusoma ng'ambo hakukuumbwa kwa ajili ya watoto wa wakubwa. Mwaka 1949 mwalimu mmoja wa shule, mzaliwa wa Butiama, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa msaada wa masomo, akarudi 1952 na shahada yake. Baba yake alikuwa chifu, ndiyo, lakini chifu wa kabila dogo, si mtu wa kumlipia mwanawe karo Uskochi. Kati ya 1959 na 1963 Tom Mboya wa Kenya na marafiki zake wa Marekani walisafirisha mamia ya vijana wa Afrika Mashariki kwenda kusoma huko, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima ambao wazazi wao walichangiwa nauli na vijiji. Warusi nao walifungua chuo chao cha urafiki Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata wakakipa jina la Patrice Lumumba. Mtoto wa kabwela alikwenda. Leo anaambiwa asubiri bahati!

Nafasi za makubaliano kati ya serikali na serikali hazijaisha. China inatoa. Urusi inatoa. Hungary ina mpango wake wa Stipendium Hungaricum tangu 2013, na humo jina la mwombaji sharti pia lipitishwe na serikali ya nchi yake. Hapo "lipitishwe na serikali" ndipo penye mfupa. Tangazo likitoka na muda mfupi, aliye mjini mwenye simu nzuri na shangazi ofisini atawahi. Aliye likizo kwao Kibondo, akisaidia kupalilia, atalisikia limekwisha.

Mtaani watu wanasema nafasi hizo zina wenyewe. Sisi hatusemi hivyo, maana hatuna ushahidi mkononi. Lakini Serikali inaweza kuwafunga watu midomo kwa siku moja tu. Ichapishe orodha kila mwaka, nchi kwa nchi: nafasi zilikuwa ngapi, walioomba ni wangapi, waliopata ni akina nani, walisoma sekondari ipi na wilaya gani. Kama orodha ipo kabatini, itolewe kabatini. Hizi si pesa za mfuko wa mtu. Ni nafasi walizopewa Watanzania kwa jina la Tanzania.

Lakini tukikaa tukingoja orodha, ndege zitaondoka. Na nafasi nyingi nzuri hazipiti mlango wa wizara. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza 2004, huombwa moja kwa moja kwa vyuo vinavyoendesha shahada husika. Chevening ya Waingereza huombwa na mtu mwenyewe, ingawa inadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani ukimaliza. Mastercard Foundation tangu 2012 inasomesha vijana wa Kiafrika, na si lazima uvuke bahari, maana Makerere na Cape Town nao wamo. Huko hakuna mjomba. Kuna karatasi tu, na karatasi ndizo zinazowaangusha vijana wetu.

Chukua barua ya mwalimu. Karibu kila ufadhili unataka barua mbili za walimu wanaokufahamu. Sasa kijana amesoma miaka mitatu katika ukumbi wa wanafunzi mia tano, amekaa nyuma kabisa, hajawahi kuuliza swali wala kugonga mlango wa ofisi ya mhadhiri. Wiki ya mwisho anakwenda na fomu. Mhadhiri ataandika nini? Ataandika kwamba kijana huyu ana nidhamu. Barua ya namna hiyo huko inakokwenda inasomwa kama hukumu. Mwalimu wa kukuandikia hutafutwa mwaka wa kwanza, kwa kazi nzuri na maswali, si kwa soda.

Chukua alama. Sisi tunahesabu kwa kipimo cha 5. Pale Mlimani daraja la kwanza huanzia 4.4, na la pili la juu huanzia 3.5. Wenzetu wengi wanahesabu kwa kipimo cha 4. Wapo vijana wenye 3.6 wanaojaza fomu bila kueleza kitu, na msomaji wa Marekani akadhani kapata kijana wa maajabu, mpaka nakala ya matokeo ifike na aonekane tapeli. Na wapo wenye 3.8 wanaokata tamaa bure kwa kudhani hawafai, kumbe hawajasoma sharti lenyewe. Omba chuoni barua inayoeleza kipimo chetu. Ukiwa hapo hapo, omba na ile inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, kwani vipo vyuo vinavyoikubali badala ya mtihani wa IELTS, ambao ada yake ni zaidi ya dola 200. Mtoto wa muuza mkaa anazitoa wapi dola mia mbili za kujaribu tu?

Hayo yote yanadai muda, na ofisi zetu zinaujua sana wimbo wa njoo kesho. Binti mmoja wa ukoo wetu alifukuzia nakala ya matokeo yake katika chuo fulani (sikitaji) kuanzia Novemba mpaka Februari. Mara mtia sahihi yuko semina, mara mashine haina wino. Siku alipoipata, mlango wa ufadhili ulikuwa umefungwa siku kumi na moja nyuma. Alama zake zilitosha. Alichokosa ni sahihi ya mtu aliyekuwa anakula posho ya semina. Wakuu wa vyuo wakiulizwa kwa nini vijana wetu ni wachache huko nje, waanze kwa kuhesabu siku ambazo karatasi inalala juu ya meza zao.

Ndipo anapoingia wakala. Ana ofisi yenye kiyoyozi, picha za theluji ukutani na kalamu ya dhahabu. Anamwambia mzazi: leta milioni kadhaa, mtoto anakwenda, kila kitu kimekamilika. Mzazi anauza shamba. Si kila wakala ni mwizi, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inao mawakala iliowasajili. Mzazi anayo haki ya kuulizia jina hapo kabla hajatoa hata shilingi. Ajue pia kwamba TCU ina utaratibu wa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Wakala anayekwambia cheti hicho hakina maana anakuandalia balaa la siku ya kurudi.

Na asidhani mtu kwamba muhuri wa serikali peke yake ni kinga. Waulizeni majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2021 kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada. Wazazi walilipa, wengine kwa kuuza ng'ombe na ardhi, na fedha zikapitia akaunti ya mfuko wa elimu wa kaunti yenyewe. Karo haikufika vyuoni kama ilivyotakiwa. Vijana waliokwishafika Finland wakakabiliwa na kufukuzwa, na waliobaki Eldoret wakaandamana na wazazi wao wakidai fedha. Agosti 2023 aliyekuwa gavana, wakati huo akiwa seneta, alifikishwa mahakamani pamoja na maofisa wawili kwa mashtaka yanayohusu zaidi ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya. Waliyakana. Mahakama ina kazi yake. Sisi funzo letu ni risiti: lipa karo kwenye akaunti ya chuo chenyewe, na uwe na barua ya chuo inayosema imepokelewa.

Kuna kikwazo cha viza. Waingereza wanataka fedha zilizokaa benki siku 28 mfululizo, kwa hiyo zile za kuazima kwa baba mdogo wiki ya mwisho hazikusaidii. Wajerumani hawatozi karo katika vyuo vingi vya umma, habari njema kwa maskini, lakini wanataka akaunti iliyofungiwa fedha za kuishi mwaka mzima, na Septemba 2024 kiwango kilipanda hadi euro 11,904. Mwenye ufadhili kamili huonyesha barua ya ufadhili badala yake, ndiyo maana tunasema ufadhili kwanza, chuo baadaye. Marekani nayo, kwa tangazo la Desemba 2025, iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanabanwa viza, za wanafunzi zikiwemo, kuanzia Januari 1, 2026. Aliyekuwa ameelekeza macho Marekani peke yake, leo ana barua ya kukubaliwa na hana njia.

Ukishafika huko, jiandikishe ubalozini. Vita ya Ukraine ya Februari 2022 na ya Sudan ya Aprili 2023 ziliwakuta wanafunzi wetu huko huko. Ubalozi hauwezi kumtafuta mtu ambaye haujui kama yupo.

Kwa walio mwaka wa pili sasa, hesabu yenu ni hii. Programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Hungary hufunga katikati ya Januari. Vyuo vingi vya China hupokea kati ya Januari na Aprili. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwe mkononi kabla ya hapo. Pasipoti za kielektroniki zilipozinduliwa Januari 2018 ada yake iliwekwa shilingi 150,000, na kwa mwanafunzi wa mkopo hizo ni siku nyingi za kushinda na mlo mmoja. Mbunge atakayesimama kuuliza habari ya ile orodha, aulize na hili: mwanafunzi mwenye barua ya ufadhili mkononi analipia pasipoti kwa nini?