Blade Runner ikirudi, mchezaji akae kiti cha anayehojiwa

Haya wadau, leo tuweke kando habari za seva na programu za dukani. Leo nazungumzia gemu. Msicheke kwanza, maana gemu yenyewe inatuhusu sisi watu wa Garissa pengine kuliko inavyowahusu watu wa Los Angeles, ambako hadithi yake imewekwa.

Habari ni hii. Juni 2023 kampuni ya Annapurna Interactive ya Marekani ilitangaza kwamba inatengeneza Blade Runner 2033: Labyrinth, gemu ya upelelezi wa siku zijazo. Sisi tuliokesha na Blade Runner ya 1997 tukashangilia. Halafu Septemba 2024 wafanyakazi wote wa kampuni hiyo, watu 25 hivi, wakajiuzulu kwa pamoja, na shangwe ikageuka kuwa kusubiri.

Basi huku tukisubiri, nina la kusema kuhusu mwendelezo wowote wa gemu ya namna hii, autengeneze nani autengenezaye. Sitaki picha kali zaidi. Sitaki bunduki mpya. Nataka kitu kimoja: mchezaji aondoke kwenye kiti cha askari anayeuliza maswali, akae kwenye kiti cha anayeulizwa.

Kwa wasioijua gemu ya 1997: ilitengenezwa na Westwood Studios, wale wale wa Command & Conquer, ikatoka kwenye CD 4. Haifuati hadithi ya filamu ya Ridley Scott ya 1982, ila inapita kando yake katika mji ule ule na wakati ule ule, Novemba 2019. Unacheza kama Ray McCoy, askari ambaye kazi yake ni kuwasaka mareplikanti, yaani viumbe waliotengenezwa maabara, wanaofanana na binadamu kwa kila kitu, na ambao sheria hairuhusu wakanyage dunia. Unaokota ushahidi, unakuza picha kwenye mashine iitwayo ESPER mpaka uone kilichojificha pembeni, unahoji watu. Ukimshuku mtu, unamkalisha mbele ya kipimo cha Voight-Kampff. Unamtupia swali jepesi, la wastani au kali, mashine inalitazama jicho lake, kisha inakwambia huyu ni mtu au si mtu.

Sasa sikilizeni utamu wake kwa jicho la mtu wa programu. Kila ukianza mchezo upya, kompyuta inapiga kura kimya kimya. Lucy, msichana wa duka la wanyama. Dektora, mcheza dansi. Gordo, mchekeshaji. Leo ni binadamu, kesho ukianza upya ni replikanti. Ndani ya programu jambo hili ni dogo mno: kwa kila mhusika kuna kisanduku kimoja chenye ndiyo au hapana. Lakini kisanduku hicho kinageuza maana ya mambo yote uliyokwisha kuyaona. Picha uliyoiokota inaweza kuwa ile ile ya jana, na bado leo ikasema jambo lingine. Ikifika katikati ya hadithi unaanza kumshuku hata McCoy mwenyewe.

Hicho ndicho tulichokipenda. Ushahidi wa kugusika wapo, picha zipo, majibu yapo, lakini ukweli hauko ndani ya ushahidi. Uko kwenye kisanduku ambacho huwezi kukiona.

Na kama kuna anayedhani watu walipenda picha zake, akumbuke yaliyotokea baadaye. Westwood ilifungwa 2003, na kodi ya asili ya gemu ikapotea. Watu wa kujitolea wa mradi wa ScummVM walikaa miaka wakiichambua programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine, wakaandika injini yake upya, na 2019 gemu ikaanza kuchezeka tena bila shida kwenye kompyuta za kisasa. Kisha Juni 2022 kampuni ya Nightdive ikatoa toleo lililosafishwa picha. Wachezaji walilalamika hadi toleo la zamani likarudishwa sokoni. Picha zilizosuguliwa si mwendelezo, jamani. Ni rangi mpya kwenye ukuta wa zamani.

Sasa njooni nyumbani.

Mkenya wa Nyeri au Kisumu akitimiza miaka 18 hupeleka karatasi zake kwa msajili, akangojea kitambulisho. Kijana wa Garissa, Wajir au Mandera, kwa miongo mingi, alikuwa na hatua ya ziada: kupigwa msasa. Unakaa mbele ya kamati, wazee wapo, chifu yupo, watu wa usalama wapo. Baba yako nani? Babu yako nani? Ukoo gani? Nani hapa anakujua? Unajibu huku ukisomwa uso. Mnaona inafanana na nini? Tofauti yake na Voight-Kampff ni kwamba mashine ya McCoy angalau ilikuwa na sindano.

Mambo haya yana umri. Baada ya vita vya Shifta vya miaka ya 1960, Msomali wa Kenya aliendelea kuangaliwa kama mtu ambaye lazima athibitishe kwanza. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wasomali wote nchini, na waliopita wakapewa kadi ya pili ya rangi ya waridi, watembee nayo pamoja na kipande. Kadi ya kuthibitisha kadi! Mwandishi wa hadithi za siku zijazo angeliandika hilo, mhariri wake angemwambia apunguze chumvi.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo kwa jamii za mpakani. Ni jambo jema na nimelifurahia. Lakini tangazo huondoa kamati. Halifuti safu hata moja kwenye hifadhidata. Hapo ndipo mtu wa programu anapoanza kukuna kichwa.

Kambi za Dadaab zilianza 1991, hapa hapa ndani ya kaunti yetu. Ukame ulipouma, mifugo ikafa, kambini kukawa na chakula, zahanati na shule. Wakenya wa vijiji vya karibu wakaenda kujiandikisha kama wakimbizi ili watoto wale. Mama yeyote angefanya hivyo. Baadaye usajili ukafungwa kwenye alama za vidole. Mtoto akakua, akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, akaweka kidole, na mashine ikajibu: huyu ni mkimbizi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu kama 40,000 wamekwama hivyo. Haki na Sheria, shirika lenye makao hapa Garissa, limekuwa likiwapigania kwa miaka.

Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo M-Pesa huna. Chuo ni shida, kazi ni shida. Hata kuvuka daraja la Tana kwenda Nairobi ni shida, maana askari atataka kukiona.

Na hapa kuna jambo ambalo waandishi wengi wa hadithi za siku zijazo hulikosa. Wao huogopa mashine itakayokosea. Lakini katika kisa hiki mashine haikukosea! Alama ni za kijana yule kweli. Aliandikwa kambini kweli. Kila kilichomo kwenye rekodi ni sahihi, na jibu lake ni uongo. Kwa nini? Kwa sababu aliyebuni jedwali aliweka kisanduku cha "mkimbizi: ndiyo au hapana", na hakuweka mahali pa kuandika "mama yake alikuwa na njaa". Ni kisanduku cha Lucy kile kile. Kwenye gemu ukichoka unaanza upya na kura inapigwa tena. Kijana wa Garissa haanzi upya.

Ndiyo maana nasema mwendelezo ugeuze viti. Hebu fikirini gemu ambamo wewe ndiye unayetafutwa ukweli wako. Unajua wewe ni nani, au unadhani unajua, lakini rekodi inasema vingine. Upelelezi wako ni kuizunguka nchi ukitafuta mwalimu aliyekufundisha darasa la kwanza, mkunga aliyekuzalisha, daftari la zahanati lililoliwa nusu na mchwa. Kila shahidi ana sababu ya kuogopa kusema. Kila ushahidi unaoupata unaweza kukusaidia ofisi moja na kukuangamiza ofisi nyingine. Gemu ya 1997 ilikuwa na mbegu ya jambo hili: ushahidi wa McCoy unapanda kwenye kompyuta kuu ya polisi, na baadaye unaweza kupata njia ya kuficha baadhi yake usionekane na wenzake. Ichukueni mbegu hiyo, muikabidhi kwa anayehojiwa, mtaona mti utakaoota.

Mtaniambia tayari kuna Papers, Please, ya Lucas Pope, ya 2013. Naipenda sana. Lakini hata pale wewe ndiye afisa wa mpaka mwenye muhuri. Mtaniambia pia Kenya tuna Nairobi X ya 2015. Naam, na naiheshimu, maana ilithubutu. Ila pale askari wetu anawapiga risasi wageni waliotoka angani. Huku kwetu, mwenzangu, neno "mgeni" limeandikwa kwenye kadi za watu, kwa hiyo kicheko hutukwama kooni.

Wengine watasema gemu ni burudani, siasa zikae mbali. Lakini swali la nani ni mtu kamili na nani atupwe nje lilikuwa ndani ya Blade Runner tangu riwaya ya Philip K. Dick ya 1968. Hatuliingizi sisi. Sisi tunalitambua tu, kwa sababu tumeulizwa.

Na kuna sababu ya pili, ya kwetu sisi tunaoandika programu. Ile Novemba 2019 ya kubuni ilipofika kwenye kalenda ya kweli, Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, mwezi ule ule. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi za Huduma Namba haukuwa halali, kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Sasa kuna Maisha Namba. Mifumo hii inaandikwa na vijana kama mimi na wewe, wanaokaa mbele ya kioo na kuamua: hapa niweke ndiyo au hapana, au niache nafasi ya maelezo? Anayeamua amezoea kuwa McCoy. Gemu zote zimemfundisha kuwa McCoy. Saa kumi tu kwenye kiti cha pili zingemfunza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha hifadhidata.

Kama Labyrinth itatoka, nitainunua, bando litakavyolia. Lakini kama hapa Garissa kuna kijana anayejua kuchora na mwingine anayejua kuandika mazungumzo, kwa Kiswahili na Kisomali, haina haja ya kungojea Los Angeles. Gemu za mafumbo hazihitaji mashine kubwa, na simu ya bei ya chini inatosha. Kodi nitaandika mimi. Kisanduku cha ndiyo na hapana tutakiweka, na pembeni yake tutaacha nafasi ya kuandika sababu.