Mazungumzo ya Nyumbani: Twende Sanje au Twende Mikumi?



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya safari ya mapumziko ya watu wengi pamoja. Jambo hili huonekana dogo kabla ya fedha kuchangwa. Zikisha kuchangwa huwa kubwa. Hapa kwetu Ifakara ziko nyumba 9 za majirani zilizoweka fungu mwaka mzima, kila nyumba kiasi kilichokubaliwa, ili watoto na wazee wao wapate siku moja ya matembezi. Fungu lilipotimia watu wakagawanyika. Vijana na baadhi ya akina baba wataka Mikumi, wakaone tembo na simba. Wengine wataka milima ya Udzungwa, kwenye maporomoko ya Sanje. Maneno yamezidi hata nyumba 2 zadai fungu lao lirudishwe, na moja katika hizo ni ya mjane mwenye watoto wanne. Shauri hili limeletwa kwetu, nasi tumeona jawabu lake litawafaa wengi, maana kila mtaa una fungu kama hilo.

Yafaa kwanza tuzijue sehemu zenyewe, kwani wengi hubishana juu ya mahali wasipopajua.

Mikumi ni mbali zaidi. Kutoka Ifakara hadi Kidatu ni kilomita 67 hivi, na kutoka Kidatu hadi mji wa Mikumi ni kilomita 37 hivi. Jumla yapata kilomita 104. Njiani mtapita mashamba ya miwa na daraja la mto Ruaha Mkuu, na karibu yake iko mitambo ya umeme ya Kidatu iliyoanza kazi mwaka 1975. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia yaikata kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, na abiria wa basi huweza kuona swala, twiga na pundamilia kwa bahati yake. Lakini atakaye kuingia ndani, kwenye uwanda wa Mkata na madimbwi ya viboko, hapana budi awe na gari, alipe kiingilio cha watu na cha gari pia, na gari lenyewe liwe la kuhimili njia za ndani.

Ama Udzungwa, ni ile milima tuionayo kila siku upande wa kushoto tukielekea Kidatu. Ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990. Makao yake yako Mang'ula, na Sanje iko mbele yake kidogo. Zote mbili ziko kabla ya kufika Kidatu. Ndani hamna barabara za magari. Mtu huenda kwa miguu yake akiongozwa na mwenye kuijua njia. Maporomoko ya Sanje huanguka kwa ngazi tatu, jumla yake zaidi ya mita 170, na aliyepanda juu huliona bonde letu lote limetandazwa chini yake kama mkeka. Msitu huo una kima aitwaye mangabei wa Sanje, ambaye hapatikani popote duniani nje ya milima hii ya Udzungwa. Wenyeji wa kando ya msitu walimjua tangu zamani, lakini wataalamu wa wanyama walimtambua mwaka 1979 tu. Basi asiseme mtu kwamba Udzungwa hakuna wanyama wa kutazama.

Sasa tuzipime safari hizi mbili kwa vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni fedha. Fungu lilichangwa kwa kiasi kilichojulikana. Mikumi yataka mafuta zaidi na magari ya kuingilia ndani, kwa hiyo kila nyumba itaambiwa iongeze. Mwenye duka ataongeza bila shida. Yule mjane hataweza, naye hatasema kwamba hana. Atasema watoto wake wana homa, au kwamba amebadili nia. Hivyo ndivyo anavyotolewa mtu katika safari aliyoilipia tangu mwanzo, pasipo mtu kumfukuza. Fedha za wachangaji ni amana. Si halali kwa walio wengi kuzigeuza ziwe za jambo jingine lililo ghali kuliko lile walilokubaliana, kisha wakamwacha mnyonge nyuma.

Kipimo cha pili ni nguvu za mwili, na hapa wenzetu wa Mikumi wana hoja ya kweli. Mikumi mzee hukaa garini akaletewa dunia machoni pake. Njia ya Sanje kwenda na kurudi huchukua muda wa saa nne, tena ni ya kupanda. Bibi mwenye magoti mabovu na mama mwenye mtoto mchanga hawaiwezi. Lakini dawa ipo: pale Mang'ula iko njia fupi, mwendo wa kilomita moja hivi, iendayo kwenye maporomoko madogo. Wenye nguvu na wapande Sanje, na wengine washike njia hiyo fupi, kisha wote wakutane kwa chakula. Asipande mtu kwa kuona haya.

Hata hivyo twaonya. Kugawanyika huku kusiwe hila ya kuwaachia akina mama sufuria, nao wanaume wakapande kutazama. Chakula na kipikwe usiku wa kuamkia safari, vijana wakichukue, na mama atakaye kupanda apande. Mwanamke aliyechanga mwaka mzima hakuchanga ili akaoshe vyombo mahali pengine.

Kipimo cha tatu ni sala. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, safari ya kupunguza sala ni ile ipitayo kilomita 80 na kitu. Basi aendaye Mikumi aweza kupunguza adhuhuri na alasiri zikawa rakaa mbili mbili, na kuzikusanya. Aendaye Mang'ula au Sanje hajafika kipimo hicho. Atasali rakaa nne kila sala kwa wakati wake, kama alivyo nyumbani. Kwa hiyo wapandao Sanje wachukue udhu kabla ya kuingia msituni, na kiongozi wa njia aambiwe mapema kwamba watasimama kusali. Kibla chetu ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo; chini ya miti jua halionekani vyema, kwa hiyo mmoja achukue dira. Wala wasiondoke siku ya Ijumaa.

Kipimo cha nne ni majira. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko ule wa jua, nazo Idi huzunguka. Idi Ndogo ya mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi, katikati ya masika, wakati ambapo mawe ya Sanje huteleza na njia za ndani ya Mikumi hushika matope. Idi Kubwa ya mwaka huo iliangukia mwanzoni mwa Juni, mvua zimekwisha na likizo ya watoto i karibu. Kwa hiyo tusifungamane na siku ya Idi kana kwamba ni sharti. Matembezi ya kiangazi, hata mwezi mmoja baada ya Idi, ni bora kuliko matembezi ya siku ya Idi yenye kuvunjika miguu.

Kwa vipimo hivi rai yetu ni hii: mwaka huu waende Udzungwa. Upungufu wa miguu umepata dawa, lakini upungufu wa fedha hauna dawa ila kumwacha mtu, na kumwacha mtu hakufai. Nyumba 2 zilizodai fungu lao zisilaumiwe. Maadamu gari halijalipiwa, wakishikilia kujitoa warudishiwe fungu lao lote bila maneno. Lakini waendewe kwanza nyumbani, waelezwe kwamba hakuna nyongeza itakayotakiwa, na waombwe kwa wema warudi.

Kabla ya kutoka na wamchague mkuu wa msafara mmoja, kama ilivyo mafundisho ya dini yetu wasafiri wakiwa watatu au zaidi. Huyo ndiye atakayesema sasa twaondoka, sasa twarudi, nao wamtii. Mtu mmoja atangulie Mang'ula kuuliza viingilio, malipo ya kiongozi wa njia na masharti ya watoto, ili hesabu ijulikane na kusomwa mbele ya wote. Penye maji kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima aliyetajwa kwa jina, maana mtoto wa watu wote huwa si wa mtu. Wasioge mahali wasipooneshwa na kiongozi, wala wasiache takataka.

Ama vijana wetu wapenda tembo, hawakukosea kupenda. Kwao twasema: anzeni fungu la Mikumi mwezi huu. Ulizeni kwanza gharama yote, mafuta, magari na viingilio. Igawanyeni kwa miezi 12, kisha mkamwulize yule mjane kabla ya mtu mwingine yeyote kama kiasi hicho cha mwezi akiweza. Akisema akiweza, safari yenu imesimama. Akisema hakiwezi, pigeni hesabu upya, au kila mwenye duka achange nusu zaidi tangu mwezi wa kwanza, kwa siri, asijue mtu.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari njema na marejeo mema. Wassalaam.