Mfuko Usiopitisha Hewa Nao Ustahili Ruzuku

Mkulima mdogo akipewa mbegu bora na mbolea, kisha dumuzi akayageuza mahindi yake kuwa vumbi ghalani, ruzuku ile imemlisha mdudu. Dumuzi, mwenye asili ya Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo huwasukuma wakulima kuuza mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini. Dawa yake si lazima iwe sumu. Mfuko wa kinga njaa una matabaka mawili ya plastiki ndani ya kiroba; ukifungwa barabara, wadudu huimaliza oksijeni iliyomo, wakafa.

Wapo wasemao ni ghali kuliko kiroba cha kawaida. Kweli, lakini usipotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja, na gharama ya dawa huondoka. Hoja nzito zaidi ni unyevu: mahindi yasiyokauka yakifungiwa humo huota ukungu, na sumukuvu si jambo la mzaha. Hata hapo kipimo ni chupa kavu na chumvi kavu tu. Tia mahindi kidogo, tikisa, subiri. Chumvi ikinata kwenye chupa, yarudishe juani. Wizara ya Kilimo iuhesabu mfuko huu kuwa pembejeo sawa na mbolea, na ufike maduka ya vijijini kabla ya mavuno, si baada yake.