Mkandarasi Naye Atazeeka

Mwalimu na mtumishi wa serikali wanapofikisha umri wa miaka 60, kwa kawaida hupewa barua ya kustaafu, na nyuma ya barua hiyo upo mfuko uliokuwa ukikusanya michango yao mwezi hadi mwezi. Tangu Agosti 2018, mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa mmoja, PSSSF ndiyo inayobeba dhamana hiyo. Lakini yuko mwananchi mwingine ambaye hakuna mtu atakayemwandikia barua ya kustaafu. Huyo ni mkandarasi mdogo mwenye kampuni yake, aliyejenga madarasa anamofundisha mwalimu na ofisi anamofanyia kazi mtumishi.

Kwa mujibu wa sheria mtu huyu ana nafsi mbili. Kampuni yenye dhima ya ukomo ni mtu kisheria, mbali na wenye hisa. Mkandarasi ni mwenye kampuni, naye ndiye anayeamka alfajiri kusimamia zege. Kwa sababu nafsi hizo zinakaa katika mwili mmoja, wengi hudhani kwamba mtu hawezi kuwa mwajiri na mwajiriwa wa nafsi yake. Hivyo mafundi wake wanaandikishwa NSSF, naye mwenyewe hayumo katika orodha.

Dhana hiyo ni potofu, na ilikwisha kukataliwa mahakamani zamani. Mwaka 1956 rubani Geoffrey Lee wa New Zealand alikufa ndege yake ilipoanguka akiwa katika kazi ya kumwaga mbolea mashambani. Alimiliki hisa 2,999 kati ya hisa 3,000 za kampuni yake, akawa mkurugenzi wake na rubani wake mkuu mwenye mshahara. Swali likawa: je, mjane wake alistahili fidia inayotolewa kwa familia ya mfanyakazi? Mwaka 1960 Privy Council ya London iliamua kwamba alistahili. Kampuni ni mtu mmoja, Lee alikuwa mtu mwingine, na baina yao palikuwa na mkataba halali wa kazi. Mjane yule aliokolewa na jambo dogo, kwamba mumewe alikuwa ameandikishwa katika vitabu vya kampuni kuwa mfanyakazi mwenye mshahara.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya makandarasi wengi. Hawajilipi mshahara. Hati ya malipo ikilipwa na mshitiri, fedha hugawanywa kwa kokoto, saruji, dizeli na vibarua, na kinachobaki huchukuliwa kidogo kidogo kwa mahitaji ya nyumbani. Mwisho wa mwaka kinaitwa faida, au hakiitwi chochote. Sasa mchango wa NSSF huhesabiwa kwa mshahara. Gawio la faida halihesabiwi. Asiyekuwa na mshahara hana mchango, na anayejiandikia mshahara wa jina tu ili achangie kidogo atapata pensheni ya jina tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hutoa nusu na mfanyakazi nusu. Mkandarasi anayejilipa shilingi 1,000,000 kwa mwezi atapeleka shilingi 200,000. Ili apate pensheni ya uzee anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Kanuni iliyoanza kutumika Julai 2022 huzidisha idadi ya miezi hiyo kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu iliyo bora katika miaka kumi ya mwisho, kisha hugawanya kwa 580. Kwa mshahara huo, miezi 180 huzaa takribani shilingi 310,000 kwa mwezi kabla ya kutolewa sehemu ya mkupuo. Miezi 360 huzaa takribani shilingi 620,000. Anayeanza akiwa na miaka 45 ataitimiza miezi 180 akiwa na miaka 60 kamili, iwapo hataruka hata mwezi mmoja. Anayeanza akiwa na miaka 55 amekwisha chelewa kwa njia hiyo.

Wapo wanaosema kwamba kujilipa mshahara ni kujitafutia kodi. Na wapige hesabu. Faida ya kampuni ya shilingi milioni 10 hutozwa asilimia 30, hubaki milioni 7. Ikitolewa kama gawio kwa mwenye hisa hukatwa asilimia 10 nyingine, naye hupokea milioni 6 na laki 3. Mshahara, kwa upande wake, ni gharama halali ya kampuni inayotolewa kabla ya faida kuhesabiwa, na hata kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mshahara ni asilimia 30. Kwa hiyo anayekimbia mshahara kwa kuogopa kodi huenda anaikimbilia kodi iliyo kubwa zaidi, na njiani anaiacha pensheni yake.

Wengine husema, “Kampuni ndiyo pensheni yangu, nikichoka nitauza katapila.” Katapila lililofanya kazi miaka 15 ni chuma chakavu. Usajili wa kampuni katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi hutegemea kuwapo kwa wataalamu wenye sifa, na katika kampuni ndogo mtaalamu huyo mara nyingi ni mwenye kampuni mwenyewe. Akiondoka yeye, mnunuzi atanunua nini? Hata nyumba za kupangisha, ambazo ni akiba ya kusifiwa, zina hatari yake. Benki zikitoa mkopo wa kazi mara nyingi hudai dhamana ya mkurugenzi binafsi, na hapo ukuta uliowekwa na sheria baina ya mali ya kampuni na mali ya mtu hubomoka. Kazi moja ikiharibika, nyumba huondoka pamoja na kampuni. Michango iliyokwisha kupelekwa Mfukoni si mali ya kampuni, na mdai wa kampuni hana haki ya kuigusa.

Historia nayo ina somo. Mfuko wa Akiba wa Taifa ulioanzishwa mwaka 1964 uliwalipa wanachama wake akiba yao kwa mkupuo. Lakini mkupuo huisha, na uzee huendelea. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1997 iliyoanzisha NSSF ilileta pensheni ya kila mwezi, pamoja na mafao ya ulemavu, ya warithi, ya matibabu na ya mazishi. Mkandarasi anayetegemea kuuza mali siku ya mwisho anarudi kwa hiari yake mahali ambapo taifa liliondoka zamani.

Hata hivyo haitakuwa haki kumtupia mkandarasi lawama zote. Mshahara wa kila mwezi hauwezi kutoka katika fedha zinazolipwa mara mbili kwa mwaka. Hati ya malipo inapokaa mezani kwa afisa miezi minane, michango ya miezi minane ya mafundi na ya mkandarasi mwenyewe inakaa mezani pamoja nayo. Mtumishi anayehakikisha kwamba kazi iliyokamilika inakaguliwa na kulipwa kwa wakati anatimiza wajibu wake wa kiofisi, na papo hapo analinda uzee wa watu wasiojulikana kwake. Ucheleweshaji usio na sababu ni sawa na kukata pensheni ya mwenzake.

Kwa upande wao, makandarasi wana mambo ya kufanya bila kungoja. Kampuni na impe mkurugenzi wake mkataba wa kazi ulioandikwa na mshahara wa kweli unaolingana na kazi. Mchango wa mwajiri uingizwe katika bei ya zabuni kama saruji inavyoingizwa, kwa kuwa nao ni gharama ya ujenzi. Miezi ya neema itengewe fungu la miezi ya ukame. Na ziada ipelekwe mahali pasipofungamana na kampuni, kama hati fungani za serikali au mifuko ya UTT, badala ya kununuliwa tipa la tatu.

Jambo hili linawahusu walimu na watumishi kwa njia nyingine pia. Katika ukoo wetu, mkandarasi aliyezeeka bila akiba haendi popote. Hurudi kwa mdogo wake mwenye mshahara, naye ni mwalimu au karani. Pensheni moja hugeuka kuwa ya nyumba mbili. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika hali hii umaskini huwapata wote wawili. Basi yeyote aliye na kaka, shemeji au mtoto mwenye kampuni ya ujenzi na amwulize mapema swali moja tu: jina lake limo katika orodha ya mishahara ya kampuni yake, au yamo ya mafundi peke yake?