Lori lililolala miaka miwili haliamshwi kwa batri ya kuazima

Mwezi juni 2022 Bunagana iliangukia mikononi mwa M23. Mwisho wa oktoba mwaka huo huo zamu ikawa ya Rutshuru na Kiwanja, na barabara ya taifa namba 2 kutoka Goma kwenda Butembo haikuwa tena ya kutegemea. Wenye malori walifanya hesabu zao. Kuna waliouza, kuna waliojaribu njia zingine, na kuna walioingiza lori na remorke ndani ya parseli, wakaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, wakafunika kabini na bashi, wakangoja vita iishe.

Vita haikuisha. Ila mwezi februari 2025 kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilivunjwa, na jamaa maelfu zikaambiwa zirudi Rutshuru, Masisi ao Kalehe. Watu wenye matela, sufuria, mabidoni na watoto walihitaji gari. Ndipo milango ya parseli ikafunguliwa. Batri ikaazimwa kwa jirani, mafuta yakamwagwa ndani ya tangi, mota ikakohoa, moshi mweusi ukatoka, vijana wakapiga makofi. Siku hiyo hiyo gari likapelekwa parkingi kutafuta abiria. Tangu wakati huo namna hii ya kuamsha magari imekuwa desturi, na wanaoitetea wana neno moja mdomoni: gari halikutembea, litachoka na nini?

Neno hilo ni la uongo, na kila fundi wa Goma anajua kwamba ni la uongo. Gari linalotembea kila siku linachoka mbele ya macho ya shofa. Gari lililolala linaoza ndani, kimya kimya, na shofa anakuja kulijua wakati tayari yuko kwenye mteremko.

Tuanze na mapine, maana ndiyo ambayo mwenye gari anaonyesha kwa majivuno. Anagonga kwa mguu, anasema: angalieni, meno bado mazima. Ni kweli, meno ni mazima. Lakini kaucho inazeeka hata bila kutembea, kwa jua, kwa joto, na kwa uzito wa gari lililosimama mahali pamoja juu ya mawe ya volkano. Upande wa pine unapasuka nyufa ndogo kama udongo wa kiangazi. Lori likipakiwa tani za mizigo na watu juu yake, pine inapata moto, na nyufa zile ndizo zinafunguka. Umri wa pine haufichiki: ubavuni mwake, baada ya herufi DOT, kuna namba nne za mwisho. Mbili za kwanza ni juma, mbili za nyuma ni mwaka. Ikiandikwa 2314, ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Pine inayopita miaka kumi haifai kubeba mtu hata kama meno yake yangali marefu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuzisoma namba hizo, kwa hiyo mkubwa wa parkingi hana sababu ya kushindwa.

Freni ndiyo yenye kuua. Kwenye malori yanayofunga kwa hewa, maji yanakusanyika ndani ya chupa za hewa, na mipira inayopeleka hewa mpaka kwenye remorke inakauka na kupasuka. Gari likisimama kwenye tambarare, freni inashika vizuri, kila mtu anafurahi. Lakini hewa inavuja polepole. Kujua ni rahisi sana: mota izimwe, freni ikanyagwe na kushikwa, mtu azunguke gari akisikiliza, na shofa akodolee macho mshale wa hewa. Mshale ukishuka huku mota imezimwa, lori hilo libaki pale lilipo. Kwenye magari madogo yanayotumia mafuta ya freni, shida ni ingine: mafuta yale yanakunywa unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na Goma ni mji wa unyevu. Yakipata moto kwenye mteremko mrefu, maji yaliyomo yanachemka, na mguu wa shofa unazama mpaka chini bila kukutana na kitu. Anayetoka Mushaki kushuka Sake anajua hapana mahali pa kukimbilia pale. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde.

Halafu rulema za magurudumu, hasa za remorke, ambazo hakuna anayezikumbuka. Grisi ya zamani inakauka, maji yanaingia, kutu inaanza. Kilometa za kwanza gurudumu linazunguka, kisha linapata moto, kisha linang'oka. Dawa yake ni kopo la grisi na siku moja ao mbili za fundi: kutoa magurudumu, kusafisha rulema, kutupa zilizoharibika, kujaza grisi mpya. Vilevile chuma kinachounganisha remorke na lori, na pini yake. Wakaaji wa Goma wanajua jinsi mabati ya nyumba yanavyooza haraka juu ya moshi wa Nyiragongo. Je, chuma cha remorke kilichokaa nje mvua mbili tatu kitaponaje? Lakini kinapakwa rangi. Rangi mpya juu ya kutu ya zamani, na mbele ya macho ya abiria remorke inang'aa kama ya jana.

Mataa ya nyuma tusiyasahau, ingawa ni jambo fupi: panya wanakula nyuzi. Lori linalofunga freni bila taa ya kuonya linagongwa na gari la nyuma usiku, na watakaokufa ni wale waliokaa nyuma kabisa, juu ya magunia.

Wenye magari wana maneno ya kujitetea, na si yote ya kudharau. Walikaa miaka bila kuingiza hata franka moja. Mabenki ya Goma yalifungwa mwisho wa januari 2025, na hata aliyekuwa na akiba hakuweza kuitoa. Vipuri ni bei kali. Kila kizuizi barabarani kinataka pesa yake. Yote hayo ni kweli. Lakini hasara ya mwenye gari haiwezi kulipwa kwa mifupa ya mama aliyetoka kambini na watoto wanne. Yeye naye alipoteza shamba, nyumba na mbuzi, na hana parseli ya kufichia kitu. Tena hapandi bure. Analipa, mara nyingi kwa pesa ya msaada aliyopewa ili aanze maisha upya, na anawekwa juu ya mizigo pasipo hata kamba ya kushika.

Lori likipinduka, maneno yanayosikika ni yale yale: shofa alilewa, ao kuna mtu aliloga, ao ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuandika 2314 kwenye pine. Na shofa mara nyingi ni kijana wa kulipwa kwa siku, aliyepewa ufunguo asubuhi na kuambiwa kwamba akikataa kuna wengine kumi wanaongoja. Mwenye lori amelala nyumbani kwake, jina lake halitajwi popote.

Na wanaosimama kwenye vizuizi? Wanahesabu magunia, wanahesabu mbuzi, wanahesabu vichwa. Hakuna anayeinama kuangalia chini ya remorke. Anayechukua ushuru wa gari kupita anaweza pia kulisimamisha gari lisipite. Mashirika yanayokodi malori nayo yanaomba faktira yenye muhuri na karatasi ya asuransi. Yaongeze mstari mmoja kwenye karatasi zao: umri wa pine, majaribio ya freni, jina la fundi aliyefungua magurudumu. Fundi akiandika jina lake, ataangalia mara mbili.

Mwenye parkingi asipokee pesa ya abiria wa kwanza kabla lori lililolala halijapakiwa mawe ao mchanga, likapandishwa kilima na kuteremshwa bila watu. Huko ndiko gari linasema ukweli wake, si kwenye tambarare ya parkingi. Shofa anayekataa kutoka na gari ambalo halijajaribiwa alindwe na chama chake, asifukuzwe kama mwizi.

Abiria nao wana kazi yao. Magurudumu yaliyofunguliwa na kufungwa upya lazima mabuloni yake yakazwe tena baada ya kilometa hamsini hivi, maana chuma kinakaa vizuri baada ya kutikiswa na barabara. Kwa anayetoka Goma kwenda Rutshuru, hapo ni kama kufika karibu na Rumangabo. Shofa akisimama huko, akashuka na ufunguo wake, akazunguka gurudumu kwa gurudumu na kuweka mkono kwenye kila moja asikie kama lina moto, watu walio juu wanaanza kulalamika kwamba anawachelewesha, kwamba usiku utawakuta njiani. Wamwache amalize. Na kama hakusimama, wapige kabini mpaka asimame.